Mwendo wa Saa Nne Hadi Jeddah

Mama aliniuliza mara moja tu Jeddah iko umbali gani, nami nikamjibu sawasawa. Hesabu haikuwa na kosa. Nasema hivyo mapema kwa sababu watu wa kwetu wakisimulia mambo ya mwaka ule husema kwamba nilimdanganya mgonjwa. Sikumdanganya. Ningekuwa nimemdanganya, pengine leo dada yangu angekuwa anazungumza nami.

Tulizaliwa wawili tu. Mama hakuolewa, kwa hiyo majina yetu yalitoka kwa wazazi wake: mimi nikapewa jina la babake, dada akapewa jina la mamake. Tangu tukiwa wadogo alituita hivyo, mimi "baba" na dada "mama", na hata alipotufukuza jikoni na mwiko alitufukuza kwa heshima hiyo.

Dada alikuwa katika mwaka wa tatu huko Jeddah, akifanya kazi za nyumbani kwa familia ya watu sita. Mkataba ulikuwa wa miaka miwili. Ulipokwisha, mwenye nyumba alisema pasipoti itatoka kabatini siku atakapofika mfanyakazi mwingine wa kuchukua nafasi yake, na huyo mwingine hakufika. Hayo aliyajua dada, niliyajua mimi, na aliyajua Tata, dada mdogo wa mama, ambaye anaishi boma moja na sisi. Mama hakuyajua. Dada alikuwa ametuapisha. Siku aliyoondoka, mama alisimama mlangoni akamwambia kwamba huko anakokwenda atafungiwa ndani kama kuku, na dada akamjibu kwa maneno ambayo sitayaandika. Sasa alikuwa amefungiwa ndani, na alikuwa tayari mama asikie jambo lolote isipokuwa hilo, kwamba yeye mama ndiye alikuwa amesema kweli.

"Mwambie ni mbali," aliniambia kwenye simu. Alikuwa akipiga Ijumaa mchana, saa ambayo familia hutoka. "Usiongeze kitu. Yeye mwenyewe anajua ni mbali."

Na kweli mama alijua. Uarabuni alikokujua yeye kulitoka kwenye Biblia: kuna Misri, kuna Bahari ya Shamu, kuna jangwa, na watu hutembea huko miaka arobaini. Moyo wake ulipoanza kushindwa na miguu ikajaa maji, akina mama wa kanisa walikuwa wakija kumwona siku za Jumatano, na kila mara mmoja wao aliuliza binti yuko wapi. Mama aliwajibu bila kisirani. Alisema mtoto yuko mbali sana, mtu hawezi kutoka kule akaja hivi hivi, na wao wakaitikia, na chai ikamiminwa. Mbali ilimtosha. Mbali ilikuwa imemsamehe dada kwa niaba yake.

Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani kumuuguza, na kwangu kurudi ni kazi ngumu. Niliacha shule darasa la saba. Sikufukuzwa na sikuwa mjinga. Nilichoka tu kukaa mahali pamoja, na ugonjwa huo haujapona. Nimesukuma mkokoteni wa kabeji katika soko la Karatina. Nimechuma kahawa Kiriaini msimu mmoja na nusu. Nimepakia maua Timau mara tatu tofauti, maana nilikuwa nikiondoka na kurudi. Kila nilipofika nilitaka kujua kitu kinakwenda wapi na kwa muda gani, hata kama hakinihusu. Pale Timau waridi lililokatwa asubuhi huwa limefika Uholanzi kesho yake. Dereva wa lori la baridi aliniambia ndege hukaa angani saa nane hivi. Ofisini kwa msimamizi kulikuwa na tufe la dunia la plastiki, limepasuka chini upande wa barafu, nikaomba kulipima kwa uzi wakati wenzangu wanakula. Nilipata kama kilomita elfu sita na mia sita. Gawanya kwa nane. Ndege inatembea kilomita mia nane na kitu kwa saa. Hakuna mwalimu aliyenipa hiyo. Nilitembea wiki nzima nikiwa na furaha ya kijinga, kama mtu aliyeokota kitu barabarani.

Baadaye nilishuka Nanyuki, nikapata kazi kwenye bango la Ikweta, ambako vijana huwaonyesha watalii maji yakizunguka katika beseni lenye tundu. Ukisimama hatua ishirini kaskazini mwa mstari, njiti ya kiberiti inayoelea majini inazunguka upande huu. Ukivuka kusini, inazunguka upande ule. Siri yake ni namna unavyoyamimina. Nilipoligundua hilo, mzungu mmoja mzee aliniuliza nami nikamweleza, na kufikia saa sita mchana sikuwa na kazi. Lakini niliondoka pale na kitu kimoja: kwamba kutoka kwenye mstari ule, kila digrii moja ya kwenda kaskazini ni kilomita mia moja na kumi na moja. Mtu anayeishi karibu na sifuri hana haja ya shule kubwa. Anazidisha tu.

Kwa hiyo nilikuwa tayari kabisa siku mama aliponiuliza.

Ilikuwa adhuhuri ya Januari, jua la kweli. Tulikuwa tumemtoa nje kwenye godoro, mgongo ameuegemeza ukutani kwa sababu hakuweza tena kulala chali. Tata alikuwa karibu naye anabambua maharagwe. Mama alikuwa ametulia siku hiyo, hata alikuwa amemtania Tata kwamba anabambua polepole kama mtu anayelipwa na serikali.

"Baba," akaniita, "huko aliko mama ni umbali gani hasa?"

Nilipaswa kusema neno lile moja. Badala yake niliinuka kwa furaha nikaenda jikoni nikaleta malenge, lile la mviringo, na kipande cha mkaa, na uzi ambao mama aliuacha kwenye kiondo, kikapu cha kusuka ambacho hakukimaliza. Nilichora mstari wa Ikweta kuzunguka malenge. Nikaweka nukta ya Nairobi chini ya mstari kidogo, digrii moja na ushei. Nikaweka nukta ya Jeddah juu, digrii ishirini na moja na nusu, na nikamwonyesha kwamba iko karibu kabisa kaskazini mwetu, kama mtu anayepita Isiolo akaendelea tu bila kukata kona. Nikamwambia iko ukingoni mwa Bahari ya Shamu, ile ile ya Musa. Hilo lilimpendeza sana. Alishika ncha moja ya uzi kwa kidole, nami nikaivuta nyingine. Sikumbuki siku nyingine ambayo mama alisikiliza jambo langu lolote kwa muda mrefu hivyo.

Ishirini na tatu mara mia moja na kumi na moja. Nilizidisha ardhini kwa kijiti.

"Kilomita elfu mbili na mia tano, na hamsini zaidi," nikamwambia.

Mama alitikisa kichwa taratibu. "Ni mbali," akasema. "Si nilisema? Ni mbali sana."

Hapo ndipo mtu mwenye akili angelirudisha malenge jikoni.

Lakini kwetu hakuna anayesema kilomita. Nyeri mjini ni nusu saa. Nairobi ni saa mbili na nusu kama barabara ya Thika haina msongamano. Mombasa ni siku nzima. Ukimwambia mtu kilomita anakubali tu kwa adabu. Mimi niliona nimempa mama namba isiyo na mpini, na nilitaka aishike. Nikagawanya kwa mia nane, nikaongeza nusu saa ya kupaa na kushuka.

"Kwa ndege ni saa nne," nikasema. "Hata hazitimii."

Tata aliacha maharagwe. "Ati nne?"

Nikasema ndiyo, nne, tena kwa sababu mji ule uko juu yetu moja kwa moja, saa zao na zetu ni zile zile. Kukiwa adhuhuri hapa ni adhuhuri kule. Nilikuwa ninajivuna, sasa ninajua. Nilikuwa nikiongea kama yule msimamizi mwenye tufe.

Mama alizungusha uzi kidoleni. Kisha akauliza saa nne ni kama kwenda wapi. Nami nikafikiri kwa makini, kwa sababu sikutaka kumpa jibu la ovyo.

"Ni kama Nakuru," nikamwambia. "Ukipitia Nyahururu, na upate gari haraka."

Nakuru alipajua. Aliwahi kwenda huko kumzika binamu yake, akiwa na mimba yangu, akatoka alfajiri na kurudi jioni ya siku hiyo hiyo, na hadithi ya safari hiyo tuliisikia utoto wetu wote. Alichukua malenge, akaliweka mapajani, akaziangalia zile nukta mbili.

"Kwa hiyo mtoto wangu yuko Nakuru," akasema.

Aliigusa nukta ya juu kwa kidole.

"Yuko Nakuru, anajua ninavyopumua, na hajaja."

Nilijaribu. Nilisema saa za ndege si kama saa za gari, ni saa za haraka. Akaniuliza kama zina dakika zaidi ya sitini. Nikasema hapana. Nikasema kuna mambo ya karatasi, kuna ruhusa. Sikuweza kusema zaidi, kwa sababu ya kiapo, na mtu anayeficha neno moja huonekana anaficha yote. Tata alinitazama namna ambayo hajawahi kuacha kunitazama.

Jumatano iliyofuata akina mama wa kanisa walikuja. Mmoja akauliza habari za binti. Mama akajibu, akiangalia ukuta, kwamba yuko mbali kama Nakuru. Kufikia Jumapili ilikuwa imeenea katika vijiji vyote vya mashamba ya chai kwamba dada alirudi nchini kitambo, anaishi Nakuru na mwanamume, na anaona haya kuja. Mtu mmoja alikuwa hata amemwona kwenye stendi, amenenepa.

Dada alipopiga Ijumaa, mama alikataa kuipokea simu. "Mwambie apande gari," akasema, akageuza uso. Nilitoka nje hadi kwenye ua wa michai nikamwambia dada kila kitu isipokuwa habari za malenge. Nilimwambia mama ana hasira kwa kutomwona, basi, kama vile hasira hiyo ilikuwa imemea yenyewe. Nikamwomba aniruhusu niseme habari za pasipoti. Alikataa. Alisema mama akijua atakufa akisema, "Nilimwambia." Nikamwambia atakufa hata hivyo. Nikasikia maji yakitiririka kwenye sinki huko kwao, kisha akasema afadhali mama akasirike kuliko amhurumie. Simu ikakatika, nadhani walikuwa wamerudi.

Nilivumilia wiki mbili. Kisha nikakivunja kiapo. Nilikaa kando ya kitanda asubuhi, Tata akiwa shambani, nikamweleza mama yote kwa utaratibu: mkataba, kabati, mfanyakazi asiyefika, mlango unaofungwa kwa nje. Nilidhani ataniambia alijua. Nilidhani atalia.

"Pasipoti," akasema. "Siku ile ya malenge, hiyo pasipoti ilikuwa wapi?"

Nikasema dada alituomba tusiseme.

"Baba, wewe umenidanganya tangu darasa la saba. Ulikuwa unavaa sare unatoka hapa, unakwenda kuangalia malori Karatina. Ulisema uko Kiriaini kumbe uko Timau. Ni jambo moja tu ulilowahi kuniambia likawa na ushahidi. Niliushika uzi kwa mkono wangu. Sasa unataka kuninyang'anya hata hilo, ili umfunike dadako."

Hakuwa mkali. Alikuwa akinieleza tu, kama nilivyomweleza mimi. Nilimwambia tumsubiri dada apige Ijumaa amweleze mwenyewe. Akasema mtu wa Nakuru hana haja ya kupiga simu.

Nikafanya ninachojua kufanya. Nilisikia kwamba Timau wanachukua watu kwa ajili ya maua ya Februari, nikaondoka. Nilijiambia ni wiki tatu tu, na kwamba Tata yupo. Kule, kila sanduku nililofunga nilijua litakuwa wapi kesho yake na kwa saa ngapi, na ujuzi huo ulinichefua, lakini niliendelea kuhesabu.

Nikiwa huko ndipo mama aliandikisha wasifu wake. Kwetu mgonjwa mwenye fahamu zake hawaachii watu waje kubuni maisha yake siku ya mazishi. Huita mtu mwenye mwandiko mzuri, akasema mwenyewe alizaliwa wapi, alibatizwa lini, alizaa nani na nani, na karatasi hiyo husomwa ilivyo. Mwenye mwandiko mzuri ni Tata. Alichukua daftari akaandika. Walipofika kwenye watoto, mama akasema: andika mama wa mtoto mmoja.

Tata alinisimulia haya nilipofika, siku mbili baada ya mama kufa, huku daftari likiwa kati yetu juu ya meza. Alisema aliinua kalamu akakataa. Alimwambia dada yake: hilo jina unaloliruka ni jina la mama yetu. Mama akasema anajua ni jina la nani. Akasema andika.

"Umenifanya nimfute mama yangu kwa mkono wangu," Tata akaniambia. "Wewe na malenge yako."

Nilimsihi aongeze jina. Mstari mmoja tu, nani angejua? Akasema yeye angejua, na marehemu angejua. Tukapeleka daftari Karatina lichapishwe kama lilivyo. Siku ya mazishi mchungaji aliusoma wasifu, na alipofika pale akasita, akainua macho akaniangalia, kisha akasoma. Watu walikohoa. Wale walioamini habari za stendi ya Nakuru walitikisa vichwa kama watu waliopata hakika. Nilitupa udongo peke yangu, mtoto mmoja, ambaye wiki tatu za mwisho hakuwepo.

Miezi saba baadaye mfanyakazi mwingine alifika Jeddah na pasipoti ikatoka kabatini. Nilikwenda kumpokea dada uwanja wa ndege. Alikuwa amekonda, na alitembea akishika mkoba kwa mikono miwili. Alinikumbatia, kisha kabla hata hatujatoka mlangoni akasema, akitabasamu, kwamba ndege ilichukua saa tatu na dakika hamsini. Alikuwa ameangalia saa ilipopaa na ilipotua, kwa sababu alijua nitataka kujua. Hiyo ndiyo zawadi aliyoniletea. Nilisema asante.

Nyumbani aliomba kuona karatasi ya mazishi. Tata aliileta, hakuwa na namna. Dada aliisoma amesimama, akafika mwisho, akarudi juu, akasoma tena kwa kidole.

"Wamesahau jina langu," akasema.

Tata akadakia haraka kwamba ni yule wa kuchapisha, pale Karatina, alikuwa na kazi nyingi siku ile, tulimlaumu sana. Dada aliniangalia. Nikatikisa kichwa kukubali. Akasema hawezi kumwacha hivi hivi mtu aliyemfuta kwenye kaburi la mamake, akaingia ndani kuvaa viatu vya kwenda Karatina. Nilimfahamu. Angesimama mbele ya duka la mtu yule asiye na hatia akamtolea yote ya miaka mitatu.

Nikamfuata hadi langoni, nikamwambia. Nilianza na uzi na nikamaliza na mama wa mtoto mmoja. Sikuruka hata Nakuru. Alisikiliza akiwa ameushika mlango wa lango, na nilipomaliza aliuliza jambo moja.

"Aliposema ni mbali sana, wewe ulikuwa na haraka ya nini?"

Nimejiuliza hilo tangu siku hiyo na sina jibu zuri kuliko lile nililompa, kwamba nilitaka aelewe. Dada akasema mama alikuwa ameelewa. Kisha akapita, akaenda Karatina, si kugombana. Alirudi jioni na karatasi nyingine, zimechapishwa upya, mama wa watoto wawili, jina lake kwanza kwa sababu ndiye mkubwa. Alizigawa kwa akina mama wote wa kanisa, nyumba kwa nyumba, na mimi hakunipa.

Alikaa nasi wiki sita. Tulikula meza moja naye akaniomba chumvi kupitia kwa Tata. Halafu ajenti akampata tena, au yeye akamtafuta ajenti, na akaondoka asubuhi nikiwa nimekwenda kuchuma majani chai. Si Jeddah safari hii. Tata anajua mji, ana namba, huongea naye Ijumaa au siku nyingine, sijui. Nimemuuliza mara mbili ni mji gani. Ameniambia dada alimwapisha, na kwamba yeye, tofauti na watu wengine, akiapa huwa ameapa.